Karanga za Kongwa Zisipandwe Darasani

Kilimatinde imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Anayesimama pale ukingoni na kuelekeza uso mashariki huiona nchi ya Ugogo imelala chini yake, uwanda mkubwa unaokwenda hadi Bahi. Mahali hapa si pageni kwa vyombo vya kisasa. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita hapa. Wajerumani wakajenga boma lao hapa, na mwanzoni mwa karne ya 20 waya wao wa simu ukapita hapa ukipeleka amri za watawala kutoka pwani hadi bara. Kisha ikaja reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Reli ilikata njia yake pembeni, Manyoni ikakua na kuwa makao ya wilaya, na Kilimatinde ikabaki na boma lake.

Waya ule haukuvutwa kwa ajili ya mtoto wa Kigogo. Ulivutwa ili kodi ikusanywe, askari waamriwe na koloni litawaliwe kwa urahisi. Reli nayo ilijengwa ili isombe mali ya bara na kuipeleka bandarini. Vyombo vyote viwili vilikuwa vya kisasa kwa wakati wake, na vyote viwili vilipita mbele ya macho ya wananchi bila kuwapunguzia ujinga. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu hapo. Nchi ni huru na mwenye vyombo ni mwananchi mwenyewe. Hata hivyo swali la msingi halijabadilika: chombo kinapoletwa, kinaletwa kumtumikia nani, na ni nani anayeamua kitumikeje?

Swali hilo sasa limefika darasani. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walihesabu watu kwa kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa ilipokwisha, Serikali haikuviacha vyombo hivyo vioze ghalani. Mwezi Novemba mwaka huo huo ilianza kuvigawa kwa walimu, na idadi iliyotangazwa ilikaribia laki tatu. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kutumika, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ikayapa matumizi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA, nafasi yake katika kufundisha na kujifunza. Kwa hiyo mwalimu wa Kilimatinde, ambaye jana alikuwa na chaki na ubao, leo anatarajiwa kuwa na kioo mkononi.

Uamuzi wa kuvigawa vishikwambi kwa walimu ulikuwa wa busara. Mali ya umma iliyonunuliwa kwa kazi moja ilipewa kazi ya pili, na waliopewa ni watumishi wanaostahili. Lakini uamuzi wa busara unaweza kuharibiwa na utekelezaji usio na busara, na hatari hiyo ipo. Inatokana na makundi mawili ya watumishi yanayopingana kwa maneno ilhali yanasaidiana kwa matendo. Kundi la kwanza ni la wahesabu masanduku. Kundi la pili ni la walinzi wa chaki.

Mhesabu masanduku yumo maofisini, na hujulikana kwa taarifa zake. Huandika kwamba shule kadhaa zimepokea vishikwambi kadhaa, kwamba kompyuta kadhaa zimekabidhiwa, kwamba hafla imefanyika na picha zimepigwa. Baada ya hapo hufunga jalada. Hasemi ni vipindi vingapi vimefundishwa kwa vyombo hivyo, wala ni mtoto gani aliyekuwa haelewi sehemu na sasa anaelewa. Kwake maendeleo ni siku ya makabidhiano. Siku inayofuata si yake tena, ni ya mwalimu mkuu, na siku hiyo chombo kikizimika kwa kukosa umeme, hakuna jalada litakalofunguliwa.

Ugogo iliwahi kuendeshewa maendeleo ya namna hiyo, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Kongwa, iliyo Ugogo kama ilivyo Kilimatinde, ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Matrekta yaliletwa kwa mamia, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita vilivyobaki. Ekari zilipangwa juu ya karatasi huko London. Hesabu za mitambo zilikuwa nzuri sana. Lakini udongo wa Kongwa hugeuka kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua zake hazitii ratiba ya ofisi yoyote. Ujuzi wa wenyeji, waliolima uwele na mtama katika ardhi ile kwa vizazi, haukupewa uzito. Mitambo ikavunjika, karanga zikakauka, na Januari 1951 mpango ukatupwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36.

Funzo la Kongwa halisemi kwamba trekta ni kitu kibaya. Trekta ni kitu kizuri sana mahali ambapo udongo umepimwa, dereva amefunzwa, vipuri vipo na mvua inajulikana. Kosa lilikuwa kuanza na mtambo kisha kuitafutia kazi ardhi. Darasa nalo lina udongo wake. Udongo huo ni idadi ya watoto waliomo, lugha wanayoielewa, dakika za kipindi, umeme uliopo au usiokuwepo, na zaidi ya yote ni mwalimu mwenyewe. Mtumishi anayepeleka chombo bila kuupima udongo huo anapanda karanga za Kongwa darasani, hata kama nia yake ni njema kuliko ya mkoloni.

Na vipimo si vigumu kuvipata. Kipimo rasmi cha nchi hii ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi, na walimu wanajua kwamba mara nyingi darasa huzidi hapo. Kioo cha kishikwambi ni kidogo mithili ya ukurasa wa kitabu. Watoto watano wakikizunguka wanaona, wa sita ananyoosha shingo, na wa kumi anaangalia kisogo cha mwenzake. Mwalimu mwenye watoto 45 akikiinua kishikwambi mbele ya darasa hajafundisha kwa teknolojia, ameonyesha kwa mbali kwamba teknolojia ipo. Ubao mweusi, ambao wahesabu masanduku wanauona kuwa ni aibu, unaonekana hadi dawati la mwisho.

Hapa mlinzi wa chaki huanza kushangilia. Huyu naye anastahili kuambiwa ukweli. Mlinzi wa chaki ni yule mwalimu, au yule ofisa, anayesema kwamba yeye alisoma bila mashine na akafaulu, kwa hiyo watoto wa leo nao wasome hivyo hivyo. Kishikwambi alichopewa amekifungia kabatini ili kisiibiwe, au amekipeleka nyumbani ambako kinatumika kutazamia mpira. Akiulizwa, husema kwamba mtandao hauna nguvu. Huo ni uvivu uliovaa vazi la hekima. Ni mali ya wananchi waliolipa kodi, na kuifungia kabatini ni kuihujumu sawasawa na kuivunja.

Hoja ya mlinzi wa chaki ni potofu kwa sababu chaki yenyewe haikutosha hata zamani. Mtoto wa Kilimatinde aliyesoma kwa chaki peke yake aliambiwa kuwa moyo wa mwanadamu unasukuma damu, akachora mchoro aliouona ubaoni, akaukariri, akafanya mtihani, na hakuwahi kuuona moyo ukipiga. Aliambiwa habari za bahari, meli na maji kupwa na kujaa, mambo ambayo wenzake wa Pangani au Kilwa huyaona kila siku. Mwenzake wa mjini alikuwa na kitabu cha ziada na labda sinema, yeye hakuwa na kitu. Ukosefu huo haukuwa fahari. Ulikuwa unyonge, na wapo watoto wengi wenye vipaji ambao unyonge huo uliwafungia mlango. Chombo kinachoweza kumwonyesha mtoto wa Kilimatinde moyo unaopiga na bahari inayojaa ni chombo cha ukombozi, na mwalimu anayekificha amemficha mtoto.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwalimu wa jiografia wa Kilimatinde anayewakusanya watoto kuzunguka kishikwambi ili kuwaonyesha picha ya Bonde la Ufa, ilhali bonde lenyewe liko nje ya dirisha, amepotea njia. Watoto hao wangetoka nje, wakasimama ukingoni, wakaushika mwamba kwa mikono yao, wakamwuliza mzee anayechunga ng'ombe ni wapi maji hutoka na wapi hupotea. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulikuwa na shutuma kali dhidi ya elimu inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazee wake hawajui kitu. Wakati huo kilichoabudiwa kilikuwa kitabu. Leo kinachoelekea kuabudiwa ni kioo. Kasumba ni ile ile.

Kutokana na hayo kipimo kimoja kinapatikana, na ni rahisi kiasi cha kuweza kutumiwa na mwalimu yeyote anapoandika andalio la somo. Kioo kionyeshe kile ambacho miguu ya watoto haiwezi kukifikia na mikono yao haiwezi kukigusa. Kwa hesabu za darasa la kwanza, vizibo vya soda na vijiti vinavyoshikika mkononi havishindwi na kioo chochote. Kwa mzunguko wa damu, kwa mlima unaolipuka, kwa mdudu anayeonekana kwa hadubini tu, kioo hakina mshindani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kurudi nyuma, kwamba Tanzania haina uzoefu wa teknolojia ya elimu na hivyo haina budi kufuata wengine. Usemi huo ni wa kutojua historia. Nchi hii iliwahi kuifundisha dunia namna ya kutumia chombo cha kisasa kuelimisha umma, na chombo hicho kilikuwa redio.

Mwaka 1969 ilianza kampeni ya Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru wa Tanganyika, ikafuata Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, na hii ndiyo iliyowashangaza wataalamu wa nchi nyingi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Lakini wengi wanaoisimulia leo husema habari za redio tu, na kwa kusema hivyo huacha nusu ya jambo, tena nusu kubwa. Kabla redio haijasema neno, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufunzwa. Vitabu vidogo vya Kiswahili vilikuwa vimechapwa na kusambazwa. Wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizofuga mbu. Redio ilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo, na mnyororo huo ulishikwa na mtu kila mahali.

Mfano wa pili unawahusu walimu wenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kwamba kila mtoto aende shule ifikapo mwaka 1977, walimu hawakuwepo wa kutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa usimamizi wa walimu wenye uzoefu. Zaidi ya 30,000 walipatikana kwa njia hiyo. Mafunzo yale yalikuwa na upungufu wake, na walimu wa UPE walidharauliwa na wengi. Lakini walioachiwa redio na karatasi peke yao walitatizika, na waliopata msimamizi wa kuwasahihisha walisimama.

Pamoja na hayo, kazi ya kisomo cha watu wazima iliendelea. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za Serikali, ilipofika mwaka 1986 walikuwa wamebaki karibu mmoja katika kila kumi. Ushindi huo haukuletwa na mtambo. Uliletwa na watu waliofundishana chini ya miti, na mtambo uliwasaidia pale ulipokuwapo.

Nje ya mipaka historia imesema vivyo hivyo, na kwa baadhi ya nchi imesema kwa uchungu. Ivory Coast ilianza mwaka 1971 kufundisha shule zake za msingi kwa televisheni. Masomo yalitengenezwa katika kituo kimoja huko Bouaké na kurushwa nchi nzima, na mahali pasipo na umeme televisheni ziliwashwa kwa betri. Mwalimu akawa msaidizi wa kioo. Mapema katika miaka ya 1980 mpango huo ulikuwa umekwisha, umeshindwa na gharama na manung'uniko. Peru nayo iligawa kompyuta ndogo kwa maelfu ya maelfu ya watoto, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 kuhusu shule za vijijini haukuona kwamba watoto hao walizidi wenzao katika hesabu na lugha. Walichojua zaidi kuliko wenzao ni kuitumia kompyuta yenyewe. Mwaka 2023 UNESCO ilitoa ripoti ya dunia kuhusu teknolojia katika elimu, na jina la ripoti hiyo lilikuwa na swali ndani yake: chombo hiki ni kwa masharti ya nani? Ni swali lile lile ambalo waya wa Mjerumani uliliacha Kilimatinde bila jibu.

Mtihani wa karibuni zaidi ulikuwa mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wa shule za msingi wakarudi tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, na juhudi hiyo ilikuwa njema. Lakini mtoto ambaye kwao hakuna televisheni alikaa bila somo, na mwenye redio isiyo na betri alikaa bila somo. Mtoto wa mwenye nacho alisoma kwa simu ya baba yake. Kwa hiyo kila mwenye macho aliona kwamba teknolojia, ikiachwa ijiendee yenyewe, haipunguzi tofauti kati ya mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri. Inaizidisha. Shule ya umma ndiyo mahali pekee ambapo watoto hao wawili wangeweza kukalia dawati moja mbele ya kioo kimoja, na ndiyo maana suala hili ni la siasa kabla halijawa la ufundi.

Kuna jambo jingine ambalo wahesabu masanduku hawaligusi, nalo ni kilichomo ndani ya sanduku. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mtoto wa Kilimatinde hutoka nyumbani na Kigogo chake, akakikuta Kiswahili shuleni, na kwa hicho akaufikia ulimwengu. Sasa mwalimu wake akikiwasha kishikwambi na kutafuta somo la mimea, anachokutana nacho kwanza katika mtandao ni sauti ya Kiingereza na mmea wa Ulaya. Anabaki na njia mbili, ama kutafsiri huku picha inakimbia, ama kuzima. Taifa limekipa chombo hiki jina zuri la Kiswahili, kishikwambi, lakini jina peke yake halifundishi. Chombo chenye jina la Kiswahili na matumbo ya kigeni ni sawa na gunia la karanga za Kongwa lililoandikwa uwele.

Haiwezi kudaiwa kwamba hakuna kilichofanywa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na mwalimu anaweza kuvisoma bila kulipia kitabu. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoitwa MEWAKA, yanamwezesha mwalimu wa mbali kujifunza na kujadiliana na wenzake bila kuiacha shule yake. Tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kimekuwa kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kwa nyimbo na katuni zilizotengenezwa hapa hapa nchini, na watoto wanakipenda. Haya yanathibitisha kwamba kazi inawezekana. Yanathibitisha pia kwamba faida kubwa ya kishikwambi kwa sasa ni pale kinapomfundisha mwalimu kwanza. Mwalimu mmoja aliyeielewa sehemu vizuri usiku, kwa msaada wa kishikwambi, huwafaidia watoto 45 asubuhi kwa chaki yake.

Kilimatinde yenyewe ina mfano wa kuigwa, na si wa shule. Kuna hospitali pale, ya Kanisa Anglikana, iliyohudumia wananchi wa sehemu hizo kwa miaka mingi. Hakuna mgonjwa anayekwenda hospitali kuomba kutibiwa na hadubini. Kila mtu anafahamu kwamba hadubini humsaidia mpimaji aliyesomea kazi hiyo, kwamba mpimaji humwarifu mganga, na kwamba mganga ndiye anayeamua dawa. Hospitali inayonunua hadubini bila mpimaji huitwa ya ovyo. Kwa nini shule inayopewa vioo bila mwalimu aliyefunzwa kuvitumia iitwe ya kisasa?

Suala la gharama nalo lisemwe waziwazi. Bando la kufungulia masomo halianguki kutoka mbinguni. Mahali pengi mwalimu hulinunua kwa mshahara wake, na chombo hukichaji nyumbani kwake. Umeme wa vijijini umefanya kazi kubwa ya kujivunia, na nguzo zimefika karibu kila kijiji cha nchi hii. Lakini nguzo kufika kijijini si soketi kufika darasani. Tangu mwaka 2016 Serikali imetangaza elimumsingi bila malipo kwa wazazi. Ni kinyume cha haki mzigo uliotolewa mgongoni kwa mzazi ukahamishiwa kimyakimya mgongoni kwa mwalimu.

Mwalimu Nyerere, alipozungumzia kilimo, alikuwa na jibu kwa watu waliotaka kurukia trekta nchi nzima kwa siku moja. Aliwaambia kwamba mamilioni ya wakulima wakitoka kwenye jembe la mkono wakaenda kwenye plau la ng'ombe, hayo yatakuwa mapinduzi. Wagogo, watu wa ng'ombe, wanalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Elimu nayo inahitaji plau lake. Kishikwambi kwa kila mtoto ni trekta, na siku yake itafika. Plau la leo ni projekta moja na spika moja kwa shule, zinazozunguka darasa hadi darasa kwa zamu, pamoja na umeme wa jua pale nguzo haijafika, na masomo ya Kiswahili yaliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya chombo ili yasitegemee mtandao.

Ili plau hilo lilime, mambo machache hayana budi kutendeka. Afisa Elimu Kata aandike katika taarifa yake vipindi vilivyofundishwa kwa chombo, sehemu gani ya somo na watoto walielewa nini, badala ya kuandika idadi ya vyombo. Umeme na bando viingizwe katika ruzuku ya uendeshaji wa shule, kama ilivyo chaki. Vyuo vya ualimu vimpime mwanachuo kwa somo alilolifundisha kwa chombo mbele ya darasa la kweli. Fedha za kutengeneza masomo ya Kiswahili zisiwe masalia ya bajeti ya kununulia mashine, bali zitangulie. Na kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, iulizwe kabla chombo hakijaja. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba wananchi hawana budi kushiriki katika kuifikiria na kuipanga mipango yao ya maendeleo, na hakuna sababu ya kuliweka darasa kando ya maneno hayo.

Chama nacho kina wajibu. Kiongozi wa Chama anayealikwa kukabidhi vishikwambi asikubali kupigwa picha kabla hajauliza maswali matatu: soketi iko wapi, somo la Kiswahili liko wapi, na mwalimu aliyefunzwa ni yupi. Akijibiwa, akabidhi kwa furaha. Asipojibiwa, aahirishe hafla na kurudi na majibu. Kiongozi wa namna hiyo atachukiwa na wahesabu masanduku kwa wiki moja, lakini watoto wa wakulima watamshukuru kwa maisha yao yote.

Mtoto wa Kilimatinde anastahili kioo, na anastahili kukiona bonde lililo mbele ya shule yake. Anastahili vyote viwili, na anastahili mwalimu anayejua lini kukiwasha kioo na lini kukizima na kuwatoa watoto nje. Kongwa ilikuwa na mitambo ya kutosha. Ilichokosa ni kuwasikiliza watu waliokwisha kuijua ardhi. Katika darasa mtu huyo ni mwalimu, na kabla sanduku jingine halijapakiwa katika lori kuelekea Manyoni, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.